Jani la Mgomba Chini ya Lori

Mjukuu wangu kaniletea ovaroli nifue. Ile harufu ya oili ya difu ikanijaa puani, nikakaa chini kwanza.

Baba alikuwa na lori kuukuu lenye difu ya gia mbili ya kuzungushia magurudumu ya nyuma, gia nzito ya kupandia huku kwetu Uru, nyepesi ya tambarare ya Kahe. Siku mama alipozidiwa, lori likagoma uani, na mama alitakiwa afike hospitali Moshi. Baba akalala chini ya lori, akafungua difu. Kila chuma alichotoa alikipanga kwa mstari juu ya jani la mgomba, ajue kipi kitangulie kurudi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumlisha ng'ombe. Baba alipoingia ndani kumpa mama maji, nikaliona lile jani, bichi, zuri. Nikavimwaga vile vyuma kwenye ndoo, nikaviosha kwa sabuni, jani nikampelekea ng'ombe.

"Nani kaondoa jani?"

"Mimi, baba. Nimeviosha vyote."

Hakunipiga. Alichuchumaa mbele ya ndoo, akashika pete moja, akairudisha, akashika nyingine.

Mama akaita kutoka ndani, "Baba watoto, bado?"

"Bado kidogo, mama watoto."

Ng'ombe bado alikuwa anatafuna.

Jua lilipoinama, majirani wakambeba mama kwa machela. Alipofika usawa wangu akasema, "Usisahau kumnywesha ng'ombe."

Hakurudi tena nyumbani kuniuliza. Lakini ng'ombe nilimnywesha, mpaka akazeeka.