Jani la isale la mzee wa Machame liko dirishani kwangu

Admin, pitisha kisa changu ila jina libaki kwako, maana Moshi ni ndogo na tunajuana. Mimi ni nesi, nina miaka 38, mama wa watoto wawili, naishi Kiboriloni. Nimechoka jamani, na siyo miguu iliyochoka.

Wodini kwetu, kumtafutia mgonjwa ndugu zake ni kazi ya afisa ustawi wa jamii. Lakini tunaye mmoja tu, dada mpole, anazunguka hospitali nzima. Kwa hiyo miaka yote simu nimekuwa nikipiga mimi, yeye anakuja kusaini. Mwezi uliopita mkuu wa wodi akanisema kikaoni mbele ya wote: "Wewe choma sindano. Mambo ya familia za watu waachie Ustawi." Iliniuma sana. Nikaapa sipigi tena simu ya mtu.

Jumatatu tukalaza mzee wa Machame, moyo umechoka. Akanipa namba ya mwanawe anayeishi Bomang'ombe, ambaye mzee mwenyewe alimfukuza kihambani, shamba la ukoo, miaka mingi iliyopita. Kwenye kabati la kitanda alikuwa na jani la isale ndani ya kikombe cha maji. Kwetu Wachaga, ukiletewa isale kuombwa msamaha, hukatai.

"Nilimwonea mwanangu," akaniambia. "Mwite, nimpe kwa mkono wangu."

Bomang'ombe ni pua na mdomo! Nikaibana namba kwenye faili, nikaandika "Ustawi ahusike", basi. Dada wa Ustawi alipopita akanikuta napiga soga na mzee, akadhani nimeshapiga simu kama kawaida yangu. Hakuuliza, nami sikusema. Kila asubuhi mzee ananiuliza, "Bado hajafika?" Nabadilisha maji ya jani, namwambia, "Yuko njiani, baba." Moyoni nilishahisi hakuna aliyepiga, ila kiburi kikaniambia siyo kazi yako.

Alhamisi asubuhi mzee akafariki. Mwanawe aliambiwa na jirani, akaja mbio, akanishika mkono. "Sista, mzee aliniulizia?"

Dada wa Ustawi alikuwa nyuma yake, ananitazama huku machozi yanamlengalenga. Nikajibu, "Hakuwa anaongea sana, kaka."

"Nilijua," akasema, akaondoka.

Dada wa Ustawi ananisihi ninyamaze. Yuko kwa mkataba, ana mama mgonjwa, likijulikana hana kazi. Na mimi sijui kama nitabaki na yangu. Lakini yule kaka anakwenda kumzika baba yake akiamini alikufa akimchukia, na mwenye kujua vingine ni mimi.

Jani nililichukua, liko dirishani kwangu, limeanza kugeuka njano. Mazishi ni kesho, Machame. Nikimpelekea, lazima nimwambie lilikaa wapi siku zote hizo, na sasa hata mimi nina la kumwomba msamaha.

Nishaurini ndugu zangu, nipande Machame au ninyamaze?