Sauti za Herufi na Leso ya Bibi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea huko Jilore, bibi mmoja alinijia shuleni akimkokota mjukuu wake wa kike.

"Mwalimu, mtoto huyu mmemfanya nini? Akiona pakiti ya maziwa, ananguruma mmm. Akiona sabuni, sss, kama nyoka. Nilikuwa nampeleka kwa mganga, nikasema nipitie kwako kwanza."

Nikamweleza kuwa hizo ni sauti za herufi, na mtoto akiziunganisha anasoma. Hakuniamini. Nikamwambia msichana asome chochote anachokiona. Akayakazia macho maandishi ya leso nyekundu aliyojifunga bibi yake.

"Jjj na iii, ji. Rrr na aaa, ra. Nnn na iii, ni. Jirani!"

Bibi akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Kkk na ooo, ko. Mmm na aaa, ma. Koma!"

Tabasamu likakatika. Nikamalizia mimi, kwa sauti ya chini: "Jirani, koma kunichungulia."

"Mungu wangu! Leso hii niliipendea rangi tu, na ndiyo ninayojifunga nikienda kwa jirani kuomba moto. Ndiyo maana siku hizi ananinunia!"

Akatoka mbio kwenda kuomba radhi. Kesho yake alirudi akicheka. Kumbe jirani naye hajui kusoma. Alichonunia ni mbuzi wa bibi aliyemlia mchicha.

"Sasa anataka nimwazime leso," akaniambia. "Jirani yake wa upande wa pili anajua kusoma."