Mistari Myekundu Kumi na Mmoja

Watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wameitwa majina mengi, na mengi yanamezeka. Annonciata angeweza kuyameza yote isipokuwa moja tu, mwizi. Alikuwa fundi wa nguo kutoka Bukavu, mwenye miaka arobaini na sita na mashine ya kukanyaga aliyoinunua kwa jasho lake. Fundi akiharibikiwa jina kambini, hata awe na mashine tatu, zote zitabaki kufunikwa vitambaa.

Kwa hiyo siku Maman Régine, kiongozi wa kwaya, aliposimama mlangoni pake mchana kweupe na kupaza sauti kwa Kiswahili chao cha Kongo hadi majirani wakatoa vichwa nje, aliacha mashine katikati ya mshono.

"Maman Annonciata, kanzu za kwaya ziko wapi? Bantu banaanza kusema. Kila siku zipu haiyafika, utepe haiyafika. Sasa sisi tufikirie nini?"

Kanzu arobaini zilikuwa zimeshonwa nusu. Zilingoja zipu na utepe wa rangi ya dhahabu, ambavyo Annonciata huviagiza mtandaoni kutoka China, maana zipu za sokoni hung'oka meno kabla nguo haijafuliwa mara mbili. Kambini hapaletwi kifurushi mlangoni kwa mtu. Kwa miaka miwili kila alichoagiza kilipitia kwa mdogo wake Cyrille, fundi simu wa Chilinde, mjini Lilongwe. Cyrille ndiye aliyeweka oda kwa jina lake, ndiye aliyekwenda kusaini ghalani, ndiye aliyemkabidhi dereva wa basi kifurushi kije Dzaleka.

Annonciata alijivunia mdogo wake huyo kupita kiasi. Mwezi wa tano, serikali ilipoamuru wakimbizi wa mjini warudi kambini, malori yalishusha watu na magodoro yao wiki nzima. Cyrille hakushuka. Alipiga simu huku anacheka, akimwita yaya, yaani dada, kama kawaida yake.

"Yaya, usiogope. Mi niko na karatasi ya kukaa mjini. Nimehamia tu Nsungwi, hapa hapa Lilongwe, huku kunatulia."

Dada mtu akaitangaza habari hiyo kila alipokwenda kuchota maji. Waliotoka kushushwa kwenye malori walimsikiliza, wakajitwisha ndoo zao, na yeye hakuona kwamba anawatonesha kidonda.

Sasa Maman Régine alikuwa amemtia doa, na Annonciata akaamua kulisafisha kwa ushahidi. Alikuwa amesoma kompyuta wiki tatu katika darasa moja la kambini. Kesho yake hakugusa mashine. Aliketi na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akafungua jedwali jipya, akarudi nyuma kwenye jumbe zake zote na Cyrille. Kolamu ya kwanza akaandika kitu, ya pili tarehe ya kuagiza, kisha namba ya kufuatilia, aliyepokea, na tarehe ya kufika Dzaleka. Sindano za overloki. Vifungo vya sare za shule. Mkasi wa zigizaga. Ilitimia mistari arobaini na mitatu. Kwenye kolamu ya aliyepokea aliandika Cyrille mara moja, akaburuta kidole hadi chini, na jina likajijaza lenyewe mistari yote. Alicheka peke yake kwa ufundi huo. Kilichofika akakipaka kijani, ambacho hakijafika akakipaka nyekundu. Tuseme kweli, alifurahi, kwani tangu aache kufundisha shule kule Bukavu hakuna aliyemwomba atumie akili yake kwa jambo lolote.

Kisha akapanga mistari kwa tarehe, na furaha ikamwisha. Juu kulikuwa kijani kitupu. Chini mistari kumi na mmoja ilikuwa myekundu mfululizo, bila kijani hata kimoja katikati. Vifurushi hupotea kimoja leo, kingine baada ya miezi. Havipotei kumi na kimoja kwa foleni. Alizinakili zile namba moja moja kwenye tovuti ya kufuatilia mizigo, na zote zilitoa jibu moja: imefika Lilongwe. Kwa Annonciata, Lilongwe ilikuwa Cyrille.

Akampigia.

"Cyrille, ile bintu yangu iko wapi?"

"Haiyafika, yaya. Ngoja kidogo."

"Kwa tovuti banaandika imefika. Yote."

"Yaya, acha nitaangalia."

Laiti angeutazama tena mstari wa kwanza mwekundu na tarehe yake. Ilikuwa wiki ile ile ya malori. Wiki hiyo alikuwa ameshona pazia la familia moja iliyoshushwa kutoka Chilinde, akaandika tarehe kwenye daftari lake la kazi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mtu akishapata jina la kutia kwenye kosa, hatafuti tena sababu. Alikwisha kuona wizi, na wizi ulimtosha.

Alipiga picha jedwali akalituma kwa Maman Régine. Hapo angeishia, ingekuwa afadhali. Lakini hasira ilikuwa imempanda, akalituma pia kwenye kundi la familia, kwa shangazi Eugénie aliyebaki Bukavu na kwa ndugu wengine walioko mbali. Kwa mkimbizi, kuandikwa si jambo dogo. Ukiandikwa unakula, usipoandikwa unalala na njaa. Lakini ndugu kumwandika ndugu yake, mstari kwa mstari, tena kwa rangi, hilo hufanywa na watu wanaojiandaa kwenda kwa hakimu.

Sauti ya shangazi Eugénie ilifika kabla ya saa kuisha. "Cyrille, sisi tulikulea vile? Dada yako anaumiza macho kwa mashine, we unamuibia?"

Cyrille alisoma. Kesho yake akaandika maneno manne: "Nitabileta mi mwenyewe, yaya."

Maman Régine naye alirudi mpole. "Pole, mama. Kumbe shida ni ndugu yako." Kufikia mchana kambi nzima ilijua kwamba Annonciata ni mwaminifu na kwamba mdogo wake wa mjini, yule wa karatasi, ni mwizi. Annonciata alilala vizuri, na usingizi huo ndio anaouonea aibu mpaka leo.

Alhamisi asubuhi, jirani yake Rosette alikuja mbio kumwambia kuna lori limeshusha watu, na Cyrille yumo.

Alimkuta kando ya barabara, ameketi juu ya gunia la nailoni, shati limechanika begani. Hakuwa na begi, wala simu. Mizigo yake yote ilikuwa lile gunia. Walitembea hadi nyumbani, Cyrille amebeba gunia. Ndani, Cyrille alitoa vifurushi akavipanga mezani kimoja kimoja, vyote bado vimefungwa kwa gundi ya kiwandani.

"Hesabu," alisema.

Vilikuwa kumi na kimoja.

"Bilikuwa kwa ghala siku zote. Pale kwa mlango polisi banauliza karatasi, na kusaini ni mi peke yangu. Karatasi sikuwa nayo, yaya. Hata siku moja. Nilikuwa najificha Nsungwi kwa chumba ya rafiki, natengeneza simu ndani ndani. Nilisema bitatulia, nitaenda kubibeba. Halafu ukaniandika." Alipangusa uso. "Nimepenya, nimesaini, bamenipa yote. Kutoka tu, balikuwa bananingoja."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"We ulikuwa unasifu mbele ya bantu, mdogo wangu iko muzuri mu muji. Nilipenda ibakie vile."

Annonciata alitaka kupiga magoti, lakini akafanya jambo la kijinga kuliko yote. Alichukua simu akaanza kupaka mistari kijani, mmoja baada ya mwingine, huku machozi yakidondokea kioo na kidole kikiteleza. Cyrille alimtazama hadi alipomaliza. Vifaa vyake vya kutengenezea simu, nguo zake, godoro lake, vyote vilibaki Nsungwi. Alichookoa ni zipu za kwaya.

Jumapili ya pili kwaya iliimba ndani ya kanzu mpya, utepe unang'aa, na Maman Régine alimsimamisha fundi kanisani apigiwe makofi. Shangazi Eugénie aliambiwa ukweli. Alituma neno moja tu, pole, na haikueleweka ni kwa nani. Cyrille hakwenda kanisani. Walioshushwa kutoka mjini walimtambua kama mwenzao. Waliobaki walimtambua kama mwizi, kwa sababu picha ya jedwali jekundu ilikuwa imesambaa simu hadi simu, na hakuna aliyejisumbua kusambaza lile la kijani.

Jumatatu Cyrille alipanga foleni ya kuandikisha waliorudi. Alikaa juani hadi saa tisa, akarudi na karatasi yenye muhuri, akamwekea dada yake juu ya mashine.

"Yaya, sasa ndiyo niko na karatasi. Angalia kama bameandika muzuri."

Hakucheka. Annonciata alisoma polepole. Karani naye alikuwa na jedwali lake: jina, mahali alikotoka, tarehe ya kufika Dzaleka. Kwenye kolamu ya mwisho, ya aliyempokea, liliandikwa jina la Annonciata.