Mzee Kamba na Mama Edson

Mke wangu aliitwa Lusia. Hapa Ngokolo, Shinyanga, walimjua kama Mama Edson, muuza karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pembeni ya banda la video la Bujiku. Alikufa mwezi wa tatu mwaka huu. Nataka kusema alivyokuwa, na nilichomfanyia.

Hakuwa mwanamke wa maneno laini. Mteja akionja karanga mara mbili alimwambia, "Ukishiba unijulishe, nifunge." Alizaa wanne. Wawili walikufa wachanga, wakabaki Nelly na Edson. Nelly ndiye tunayekaa kwake. Edson alikwenda machimboni upande wa Geita, kama nilivyokwenda mimi ujanani.

Miaka tisa iliyopita, wakati wa mvua, maji yaliingia kwenye duara alilokuwemo. Duara ni shimo la wachimbaji. Linashuka wima kama kisima, halafu linapinda kufuata mwamba. Walikuwa sita chini, wakatoka wanne. Pampu zilivuta maji siku tatu. Siku ya nne kuta zikaanguka. Wenye shimo wakasema basi, hapo ndipo kaburi lao. Wakafukia.

Lusia alikataa. Kaka yangu Mageni alikuja kutoka kijijini kwetu Tinde na wazee wa ukoo. Alisema mtu asiyepatikana zinazikwa nguo zake, anachinjwa mbuzi, matanga yanaisha, watu wanarudi shambani. Lusia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hizo nguo ni za kuvaa. Atakayezifukia, mimi nitazifukua."

Mageni alirudi Tinde bila kula.

Tangu hapo nyumba yetu haikuwa na msiba wala haikuwa na furaha. Kila mvua zikikatika alikwenda kule Geita, akasimama pale palipofukiwa, akauliza wachimbaji wapya wamefika kina gani. Walikuwa wakimkwepa. Mimi nilichoka. Nilitaka tumlie mtoto kama watu wanavyolia, kisha iishe. Miaka tisa sikutaka kitu kingine.

Halafu Bujiku akaanza kuonyesha katuni ya Kijapani ya maharamia. Ilikuwa imetafsiriwa na dijei mmoja aliyejitangaza kila kipande kuwa Masudi wa Buseresere, huko huko Geita. Dijei wa namna hiyo hupunguza sauti ya picha, akasema yeye badala ya wote: mwanamume, mwanamke, mtoto, hata mbwa. Lusia alimsikia kupitia mabati wiki nzima kabla ya kuona picha yenyewe.

Ni habari ya meli yenye vijana wanaotafuta hazina. Wanapigana sana na wanakula sana. Kati yao yupo mzee mmoja mwenye mvi. Yeye hapigani. Kazi yake ni kutupa majini kamba yenye chuma mwishoni, kupima kina. Masudi alimwita Mzee Kamba. Anatupa, anavuta, anaangalia, anatupa tena.

Kuna mahali zinapoonyeshwa siku zake za nyuma. Mtoto mdogo amesimama mchangani. Linakuja wimbi. Halafu mchanga mtupu. Hapo Masudi alishusha sauti akasema bahari ilimchukua mwanaye mzee yule, naye akaapa kupima bahari zote mpaka kamba imguse mtoto.

Baada ya hapo katuni nzima iligeuka. Vijana walikuwa wamekuja kwa ajili ya mapigano, lakini mzee akishika kamba banda lote lilikuwa kimya. Meli ikiingia kwenye dhoruba hakuna aliyeuliza habari ya hazina. Waliuliza, ametupa? Imegusa?

Lusia akafunika karanga zake akaingia.

"Bibi, humu kuna maharamia," kijana mmoja akamwambia. "Kanisa ni kule barabarani."

"Nimekuja kumwona mwenzangu. Sogea."

"Mwenzako yupi? Yule mwenye jicho moja?"

"Wewe unayo mawili na hujaona kitu. Sogea, mwanangu."

Walicheka, wakampisha kwenye benchi la mbele. Siku ile alirudi nyumbani, akakaa kizingitini, akaniambia, "Baba Edson, yupo mtu anayejua."

"Anajua nini?"

"Kwamba huachi kwa sababu umeambiwa uache."

Mwaka ule hakwenda Geita. Alikwenda bandani.

Ugonjwa ulimwanza tumboni. Ulikuwa uvimbe. Hospitali walimpasua, wakamshona tena, wakatuambia tukamtunze nyumbani. Bujiku alimletea katuni kwenye flashi, Nelly akaichomeka kwenye televisheni. Kila siku kipande kimoja, saa saba mchana, baada ya dawa. Chakula alikuwa anakikataa, lakini uji wa kabla ya kipande aliumaliza. Niliona hilo. Sikulielewa.

Kipande kikiisha aliniuliza, "Atampata?"

"Sijui."

"Na wewe hujui kitu."

Vipande vilipokaribia kwisha nilipanda basi nikaenda Buseresere kumtafuta Masudi.

Nilimkuta kwenye chumba nyuma ya duka la simu. Kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni kuna godoro la kuzuia kelele. Kwa ile sauti nilitegemea jitu. Alikuwa mwembamba, ana mafua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mzee Kamba?"

Akacheka. "Ndiye mimi. Na nahodha mimi, na dada wa nahodha mimi."

"Nimetoka Shinyanga kukuuliza jambo moja. Anampata mwanaye au hampati?"

"Mzee, hiyo katuni haijaisha. Kule bado wanaichora."

"Wataimaliza lini?"

"Wenzangu wanasema hata watoto wetu wataikuta."

Nikamweleza habari za Lusia na za Edson. Aliacha kucheka. Akasema, "Ngoja nikuambie kweli. Mzee yule hana mtoto."

"Na yule wa mchangani?"

"Ni yeye mwenyewe, alipokuwa mdogo. Wazazi walimwacha wakaondoka na meli. Kijapani sikijui, maandishi ya Kiingereza yanapita haraka. Niliona mtoto, niliona wimbi, nikasema amechukuliwa. Nilikuja kugundua vipande thelathini mbele."

"Kwa nini hukusahihisha?"

"Watu walikuwa wameshalia, mzee. Huku kila nyumba ina mtu wake chini shimoni. Ningewaambia nini?"

"Sasa ile kamba anapima nini?"

"Meli isigonge mwamba. Ndiyo kazi yake tu."

Nilikaa. Alinipa maji ya chupa. Nikamwambia, "Mke wangu hana siku nyingi. Mpe mzee mwanaye. Aizike mifupa, avue kofia, iishe."

"Mimi natafsiri, sichori."

"Umeweza kuzaa mtoto ambaye hayupo. Kumzika ndiko kunakushinda?"

Aligeukia kompyuta, akapeleka picha mbele na nyuma, mpaka akapata mahali mzee amesimama mbele ya rundo la mawe, kofia mkononi.

"Hapa anaomba radhi. Kala mgao wa nyama wa mwenzake, kaficha mifupa chini ya mawe."

"Panafaa," nikasema.

Akaniuliza mtoto aitwe nani. Nikamwambia asimpe jina. Nilitoka nje ya lile godoro, nikamngoja. Alipotoka na flashi macho yake yalikuwa mekundu. Inawezekana ni mafua.

Kesho yake saa saba Lusia alimaliza uji. Nelly alichomeka flashi, akaenda sokoni. Tukabaki wawili. Sauti ya Masudi ikasema kamba imegusa, mzee amepiga mbizi, ameileta mifupa ya mwanaye juu, amemzika kisiwani, sasa moyo wake umepumzika. Mzee akasimama mbele ya mawe, kofia mkononi.

"Rudisha nyuma," Lusia akasema.

Nikarudisha. Akaangalia tena.

"Zima."

Nikazima. Nilingoja alie. Nilikuwa nimejiandaa kumshika.

"Amechoka," akasema.

"Amempata, Mama Edson. Umesikia."

"Hajampata. Nimezika watu wengi, naijua sura ya mtu aliyetoka kuzika. Huyo amechoka, akakusanya mawe akaweka hapo ili wenzake waache kumsumbua." Alivuta kanga mpaka kifuani. "Na kama yule mwenye meli na kamba amechoka, mimi ni nani? Mwite Mageni aje na mbuzi wake."

Nilikuwa naweza kumwambia yote pale pale: kwamba mzee hajazika chochote, kwamba nilikwenda mwenyewe kuagiza yale maneno. Sikusema. Miaka tisa nilikuwa nangoja aseme aitwe Mageni.

Mageni alikuja na wazee. Nguo za Edson zilizikwa Tinde, mashati mawili, suruali na koti la mvua. Lusia tulimpeleka kwa gari la kukodi, tukamweka kwenye kiti. Watu walilia. Yeye aliwaangalia kama mgeni aliyealikwa msiba wa watu asiowajua. Aliletewa ini la mbuzi, hakuligusa. Mageni akanishika mkono akasema, "Sasa utapumzika, mdogo wangu."

Tuliporudi Ngokolo Lusia aliacha uji. Nelly alimbembeleza kwa kijiko. Bujiku alileta vipande vipya, akamwambia, "Mama, meli imefika kwenye barafu." Lusia alimshukuru vizuri kabisa, hakumtania hata neno moja. Bujiku alitoka nje akaniuliza kama amezidiwa.

Siku ya tano aliniita.

"Baba Edson. Buseresere ulikwenda kufanya nini?"

Nilikuwa nimemdanganya nakwenda kumwona Marselino, tuliyechimba naye zamani. Nikasema hivyo hivyo tena.

"Marselino alikufa mwaka juzi," akasema. "Wewe mwenyewe ulileta habari."

Aliniangalia, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Kisha akageukia ukutani, na hakuniambia kitu kingine. Nilimpa maji kwa pamba, nilimgeuza ubavu, nilimfukuzia inzi. Siku nne.

Tulimzika Tinde, karibu na zile nguo. Nelly anawaambia watu mama alikwenda ametulia, kwa sababu alishamaliza msiba wa mwanaye. Mageni naye anasema hivyo. Wananiuliza, nami naitikia kwa kichwa.