Kafarasi Nilichomoa mu Majani ya Bahari

Nakumbuka siku moja, asubuhi, maji ya bahari ilinifika kifuani na kamba imefungwa kwa kiuno yangu kama mbuzi mwenye kupelekwa soko. Mwanangu, sisi batu ba Butembo ni batu ba milima. Mutu wa kwetu akiona maji inapita magoti, anaita Mungu. Mais mimi nilikuwa bibi-arusi mwenye kichwa nguvu, na nilikuwa natafuta farasi.

Bwana yangu alikuwa ananunua bitu Mombasa, analeta Butembo. Tulipooana akanichukua. Yeye alikuwa anashinda bandarini kungojea mizigo, mimi nabakia mu chumba ya kupanga, hakuna mutu wa kusema naye Kinande, luga ya kwetu. Upweke inakula mutu polepole, kama muchwa. Mwenye nyumba, Bi Rehema, mama muzee aliyeishi kwa kuchokoa pweza, alinihurumia. Aliniambia kama mu majani ya bahari kuko kafarasi kadogo sawa kidole, kanajishika na mukia kwa jani, maji hapana kukabeba. Donc nikawaza: nikirudi na kale kafarasi, bashemeji yangu batajua nilifika bahari kweli.

Alinipa miwani yake ya kuzamia, akashika kamba. Siku ine nilizama, siku ine sikuona kitu. Nilikuwa napiga muchanga na miguu, matope inapanda mpaka machoni. Bi Rehema alicheka mpaka akakaa mu maji.

“Ewe mwana wa bara,” akasema, “hapa hapalimwi. Tulia.”

Siku ya tano nikatulia. Mutaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi niliinama. Nikakaona. Kalikuwa na tumbo imejaa, rangi ni ya jani yenyewe. Nilikuwa nimekapita mara mingi. Kengine kakaja, tule tufarasi tubili tukazungukana polepole kama batu banasalimiana, halafu kakaenda. Bi Rehema alinikataza kugusa, akasema nitazame kwa macho tu. Mimi nikaitika. Kesho yake, alipogeuka kufukuza mbwa penye pweza zake, nikachomoa kale ka tumbo. Mukia haikuachilia, jani ndiyo ilikatika. Nikakaweka mu kopo ya maziwa na maji yake. Mangaribi kalikuwa kamekufa.

Bi Rehema alipoona kopo hakunitukana. Asubuhi alinifunga kamba tena, akaniambia nishuke, nisiguse kitu, ningoje. Nikangoja. Kale kengine kakaja mpaka penye jani ilikatika. Kakazunguka. Kakakaa. Kakaenda peke yake. Asubuhi tatu alinishusha, asubuhi tatu nikakaona kanarudi.

Siku ya tatu nilipotoa kichwa, ndipo akasema: “Uliyemchukua ni mume. Kwao dume ndiye abebaye mimba. Huyu ni mkewe, huja kumsalimia kila asubuhi. Haya, mwambie wewe mumewe yuko wapi.”



Kafarasi nilikakausha, nikakaleta Butembo. Bashemeji bakakaangalia. Mumoja akasema ni mududu, akaendelea kula bugali. Nyuma ya siku kidogo siafu ikakamaliza mu kabati.

Sasa bwana yangu ni muaka ya ine yuko mu udongo. Alikuwa na desturi: kila asubuhi akitoka kuangalia camion yake ya mizigo, anarudi kupiga mulango ya jikoni na ufunguo, mara mbili, ndipo ananisalimia. Batoto bako Beni, bengine Kampala, banapiga simu dimanche, siku ya misa. Na mimi, ile saa ikifika, naenda kusimama kwa mulango. Ninajua hapana mutu. Nasimama. Banasema majuto ni mujukuu. Niko na bajukuu kumi na moja, na hii majuto inabapita bote umri.

Mwanangu, nisikuzungukie. Kitu uliona kizuri, ukiache penye kimejishika. Usichomoe mutu kwao, wala siri ya mutu mu nyumba yake, juu tu batu baamini kama ulifika. Batu bataangalia mara moja, bataendelea kula. Mwenye alikuwa anakuja kumusalimia, yeye atakuja kila asubuhi. Na wewe kama uko na mutu wa kusalimia, musalimie vizuri, simama kwanza, weka ile simu chini.

Mungu akupe jani ya kushika mu maji yote utapita, na mwenye kukukuta pale. Na siku utafika Butembo asubuhi, piga mulango yangu ya jikoni mara mbili. Nitajua si yeye. Piga tu.