Kengele Chini ya Meza

Nilimwahidi mama mmoja mzee kwamba kengele ile haitalia tena. Nilimwahidi jikoni, nikiwa na patasi mkononi, naye akiwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, akichambua maharagwe. Hakunisihi. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari.

"Kijana yangu, hiyo kitu ya kulia, utaifanya ilie?"

"Wewe ungependa nini, kogo?"

"Ningependa ikufe kabisa."

Kila mtu wa pale alimwita kogo, jina ambalo sisi Wakipsigis humwitia nyanya, ingawa yeye alizaliwa upande wa ziwani na kuletwa Kericho na mumewe, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, angali msichana. Alianza kupika katika nyumba ile niliyokuwa nikiikarabati tangu ilipojengwa, miaka ya hamsini, ilipokuwa ya Mzungu mwenye shamba. Wapangaji walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Mumewe alikuwa amekufa, mtoto hawakujaliwa, na chumba cha uani nyuma ya jikoni ndicho mahali pekee duniani alipoweza kuweka kitanda.

Juu ya mlango wa jikoni palikuwa na ubao mdogo wenye vidirisha vya kioo: sebule, meza ya chakula, veranda, chumba cha kulala. Zamani kengele ilipolia, kipande chekundu kilidondoka katika kidirisha kimoja, naye akajua akimbilie wapi.

"Siku nilitoka kumzika mzee wangu," aliniambia, "ililia hata sijatoa kitambaa kwa kichwa. Walitaka maji ya moto."

Nikamwambia haitalia. Nilikuwa nimetoka karibuni katika chuo cha usanifu wa majengo, na niliamini kwamba neno langu lina uzito wa jiwe la msingi.

Aliyeniajiri alikuwa tajiri wa malori, mtu wa kwetu kabisa. Baba yake alikuwa mkata nyasi katika bustani ya nyumba hiyohiyo, na yeye mwenyewe utotoni aliitazama kupitia ua, kwa kuwa watoto wa watumishi hawakuruhusiwa kuvuka. Sasa, katika miaka hii ya tisini, alikuwa ameinunua, na alitaka irudi vilevile alivyoiona wakati ule. Alipenda kuitwa Bwana Mkubwa. Watu walianza kumwita hivyo kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha na jina likabaki.

Mimi nilizipenda nyumba za wakati ule kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimeandika insha yangu ya mwisho chuoni nikidai kwamba nyumba njema ni ile isiyosema uongo: mti uonekane ni mti, jiwe lionekane ni jiwe, na mwanga uingie ndani bila kuomba ruhusa. Nyumba hii ilikuwa imesemeshwa uongo kwa miaka mingi. Wapangaji walikuwa wamepaka rangi ya mafuta ya kijani nusu ya kila ukuta, hata juu ya mawe ya meko. Walikuwa wametandika zulia la plastiki juu ya vigae vya mbao na kuziba dirisha kubwa la sebule kwa vyuma. Tukakwangua, tukapiga msasa, tukang'oa. Siku vyuma vilipotoka, mashamba ya chai yaliingia sebuleni kwa mkupuo mmoja, kijani chote hadi ukingo wa msitu, na mafundi wakaweka nyundo chini. Nilichora viti vifupi vyenye miguu myembamba iliyoinama kwa nje, pamoja na kabati refu la chini lisilo na nakshi yoyote. Seremala mmoja wa mji mdogo wa Kedowa akavitengeneza vizuri kuliko michoro yangu.

Tulipoondoa zulia la plastiki katika chumba cha kulia chakula, tukakuta kitufe cha shaba sakafuni, mahali ambapo kiatu cha mwenye meza kingefika bila yeye kujisumbua. Bwana Mkubwa alikikanyaga mara moja. Hakikutoa sauti. Akakikanyaga tena, akitabasamu kama mtoto.

"Hii ndiyo nilikuwa natafuta. Fufua hii."

"Hiyo sitaifufua, Mzee."

"Eti?"

"Kila kitu kingine nitakirudisha. Hii inamwita mtu kama mnyama."

Alicheka, akawageukia mafundi. "Mnasikia daktari wa nyumba? Kijana, si ni wewe uliniambia nyumba isiseme uongo? Sasa hiyo kengele ni uongo? Ama ndiyo ukweli wenyewe?"

Nilichukua koleo na kuzikata nyaya mbele yake, kisha nikang'oa kitufe na kuliziba tundu lake kwa plasta. Nilitarajia kufukuzwa. Alinitazama tu kwa furaha fulani ambayo sikuielewa.

"Kata," alisema. "Mimi si mtu wa kushindwa na waya."

Jioni hiyo kogo aliniomba niuteremshe ule ubao wa vidirisha. Aliung'oa vioo, akaugeuza, akaanza kukatia sukuma wiki upande wa nyuma. Alinimiminia chai yenye maziwa mengi, akaimba kidogo wimbo wa kanisani. Sijawahi kulipwa vizuri zaidi ya hapo.

Nyumba ilifunguliwa Jumapili moja mchana, baada ya ibada. Mchungaji aliiombea chumba kwa chumba. Wageni walijaa sebuleni, magoti yao yakikaribia kufika kidevuni.

"Hivi viti ni vya watoto wa nasari?" aliuliza mama mmoja wa kanisani.

"Kaa pole pole, mama," mumewe akamjibu, "huyo fundi hakupima watu wa ukubwa wako."

Walicheka, nami nikacheka nao. Kogo alikuwa jikoni, amevalishwa gauni la bluu lililotiwa wanga na aproni nyeupe, mavazi ambayo Bwana Mkubwa alikuwa ameagiza yashonwe kwa kufuata picha ya zamani.

Ndipo Bwana Mkubwa alipoinama na kutoa kitu chini ya kiti chake. Kilikuwa kengele ya ng'ombe, ile ya chuma inayofungwa shingoni mwa fahali anayeongoza kundi.

"Huyu msomi wetu alikata kengele ya Mzungu," aliwaambia wageni. "Alisema inaita mtu kama mnyama. Basi nimeleta ya mnyama mwenyewe."

Akaitikisa. Hakuna aliyekuja, maana huko jikoni kogo alidhani ni ng'ombe wa jirani. Akaitikisa tena.

"Kogo! Ni wewe unaitwa!"

Alipotokea mlangoni na sinia, chumba kizima kililipuka kwa kicheko.

"Huyu ng'ombe ni wa kienyeji ama wa gredi ya kizungu?" aliuliza mwanamume mmoja.

"Haraka, kogo, saa ya kukamua imefika!"

Watoto wakaomba kengele, wakapokezana, na kila ilipolia yeye alikuja. Mara alipewa gilasi moja aioshe, mara hakuna kitu, aliitwa aonekane tu. Mchungaji alitazama dirishani, akaisifu chai.

Nilisimama nikanyoosha mkono niichukue kengele.

"Kaa chini," Bwana Mkubwa alisema bila kupandisha sauti. "Nyumba ni yako? Kogo, wewe umelalamika?"

"Hapana, Bwana Mkubwa."

"Kwa sababu ukichoka, chumba kile kuna watu wanakitaka. Unaweza kurudi kwenu ziwani. Huko nani anakujua?"

"Hakuna, Bwana Mkubwa."

"Basi tuongezee maandazi."

Nilimfuata jikoni. Alikuwa akipanga maandazi kwenye sahani.

"Nisamehe, kogo."

"Ya nini? Wewe uliahidi na haikulia. Ni mimi nilikuomba." Alifuta ukingo wa sahani kwa aproni. "Lakini sasa nimekumbuka kitu. Ile ya zamani ilikuwa inalia huku jikoni. Mzungu anakanyaga, wageni hawasikii chochote, wanaona tu nimefika. Nilikuwa naisikia mimi peke yangu. Hii wanaisikia watu wote." Kisha akaniangalia. "Unaweza kuirudisha ile ya zamani?"

Niliirudisha. Nilivunja plasta yangu kwa patasi yangu, nikapitisha waya mpya, nikakirudisha kitufe mahali pake. Kogo aliosha ule ubao, nikauweka tena juu ya mlango bila vioo, mikwaruzo ya kisu ikiwa upande wa ukutani. Bwana Mkubwa alikanyaga kitufe, jikoni pakalia, kogo akaja.

"Ona," Bwana Mkubwa aliniambia. "Hatimaye umemaliza kazi."

Akiwa peke yake, Bwana Mkubwa hutumia kitufe. Siku za wageni hutumia kengele ya ng'ombe, kwa sababu wageni ndio wanaoiomba. Wamesikia habari zake kwa waliotangulia, nao hawataki kuondoka kabla ya kuiona. Kogo bado anaitika. Bado ana chumba.

Nyumba ile imependeza, na watu huja kutoka mbali kuitazama. Huenda siku moja nawe ukaalikwa. Tazama mbao, tazama mawe, kaa dirishani kadiri upendavyo. Lakini nakuomba usiulizie kengele. Ukitaka chai, inuka uifuate jikoni.