Gari Huangaliwa Mgongoni

Jamani, mniamulie na huyu mzee wangu.

Leo binti yetu amekuja na picha za gari kwa simu, matoleo mawili: shepu ya zamani na shepu mpya. Anamuuliza baba yake achukue gani.

Nikamwambia, "Huyo usimuulize!"

Miaka ya tisini, hapa Kisumu, yeye alikuwa na swali hilohilo. Ile mpya ilikuwa na taa zinarembua macho. Ya zamani ilibeba spea tairi mgongoni, nje kabisa.

Akachukua ya zamani. Eti kwa nini?

"Mama Atieno, ukifika nyumbani ni vumbi tu, nani ataona taa? Ukiondoka ndio boma lote linatoka kukusindikiza. Wanaangalia nyuma!"

Haya.

Safari ya kwanza, nyumbani kwao Asembo Bay. Mvua ikanyesha. Tukaaga, boma lote likatoka kutusindikiza.

Gari ikazama kwa matope hapo getini.

Walitusukuma mpaka barabara kubwa, pua zote kwenye ile tairi. Mimi pia, na viatu vya kanisa.

Sasa leo mzee ameangalia simu, akakohoa kidogo, akamwambia binti:

"Chukua ya zamani, mama. Iko na mahali pa kushika."